Dakika Ngapi Baada ya Tonge la Kwanza? Kisa cha Mama wa Mtwara Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, maafisa lishe na familia zinazoishi na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mhusika ameridhia kiandikwe. Tumemwita Bi S. Umri wake, kazi yake na mtaa wake vimebadilishwa, na vituo vya afya alikopita havitajwi. Kilichoachwa kama kilivyo ni alichokula, alichohisi, na muda uliopita kati ya kula na kuhisi. Muda huo ndio ulioleta jibu mara zote tatu alipopata shida, na mara mbili kati ya hizo hakuna aliyeuulizia mpaka mambo yalipokuwa yameshaharibika.

Usuli

Bi S. ni mfanyabiashara wa miaka arobaini na ushei, mkazi wa Manispaa ya Mtwara. Kabla ya upasuaji alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 160. Alikuwa na kisukari cha aina ya pili, presha, magoti yanayouma, na kiungulia cha usiku kilichomfanya alalie mito mitatu. Alikuwa akimeza metformini na glibenklamidi, dawa za kushusha sukari.

Aliyemtia moyo ni wifi yake, aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya slivu miaka miwili kabla na kupungua mpaka watu wakawa wanampita sokoni bila kumtambua. Bi S. akauza alichouza, ndugu wakachanga, akaenda India kwenye hospitali ileile. Huko daktari alimkagua akamwambia slivu haimfai, bora baipasi. Sababu zilikuwa mbili: kisukari chake, na kile kiungulia. Slivu inaweza kukizidisha kiungulia, kwa kuwa tumbo lililobaki ni mrija mwembamba wenye shinikizo kubwa, na asidi hupata njia ya kupanda juu.

Tofauti ya hizi mbili ndiyo mzizi wa kisa chote, kwa hiyo inafaa ielezwe hapa.

Katika slivu, daktari huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, ukabaki mrija. Mlango wa chini wa tumbo, ule unaoruhusu chakula kuingia utumbo mwembamba kidogo kidogo, hauguswi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana wengi hupoteza hamu ya kula kwa miezi kadhaa.

Katika baipasi, hakuna kinachotolewa. Sehemu ya juu ya tumbo hutengwa iwe kijifuko cha mililita 30 au pungufu, yaani kama nusu ya kile kikombe cha kahawa chungu cha vijiweni. Kijifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, kwa tundu lenye upana wa sentimita moja hivi au moja na nusu. Tumbo kubwa, mlango wake wa chini na mwanzo wa utumbo vyote vinarukwa. Kazi ya kupima chakula kinachoshuka, iliyokuwa ya ule mlango, sasa haina mwenyewe.

Nyumbani Mtwara hayo yote yalifika kwa sentensi moja: naye kakatwa tumbo kama wifi yake.

Wiki ya tatu: uji mtamu

Bi S. alirudi akiwa bado kwenye vyakula vya majimaji. Alipewa karatasi ya mlo ya kurasa nne, kwa Kiingereza, iliyoandikwa kwa mpishi wa Kihindi: maji ya dengu, maziwa ya mgando yaliyochujwa, jibini laini. Karatasi ikawekwa kabatini pamoja na hati za kusafiria, na wifi akashika jiko. Kwa nia njema kabisa, alimpikia kilichomvusha yeye: uji wa lishe wa mahindi, soya na karanga, wenye sukari ya kutosha na tui la nazi kidogo.

Bi S. alikunywa nusu kikombe. Uji ulishuka bila shida yoyote. Hakubanwa, hakutapika. Baada ya kama robo saa likaja joto, likaanzia kifuani likapanda usoni. Moyo ukaenda mbio. Jasho likamtoka mpaka khanga ikalowa. Tumbo likanguruma na kumsokota, akahisi kwamba asipolala chini hapohapo ataanguka. Akaharisha mara moja. Baada ya muda usiozidi saa moja vyote vilikuwa vimekwisha, naye amelala hoi.

Ikajirudia kesho yake, na kesho kutwa, kila baada ya uji. Kwenye kituo cha karibu alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, hana. Presha iko chini kidogo. Sukari, iliyopimwa wakati dalili zimeshapita, ilikuwa sawa. Akaambiwa ni uchovu wa safari. Mtaani yakasemwa mengine, kwamba mtu akipungua ghafla macho ya watu humfanyia kazi. Wifi naye alishangaa kweli. Yeye uji huohuo aliunywa miezi mitatu na haukumfanya kitu.

Bi S. alijitibu mwenyewe: aliacha uji. Dalili zikakoma, na kila mtu akaridhika. Kwa nini uji ulimtesa, hakuna aliyejua.

Wiki ya sita hadi ya tisa: ugali wa muhogo, samaki, kisha maji

Alipoacha uji alirukia vyakula vigumu mapema kuliko ratiba yake. Hapa Kusini ugali wa muhogo ndio chakula, na mtu anayekaa na sahani ya maji ya dengu anaonekana bado mgonjwa. Akaanza na tonge dogo na mchuzi wa kibua.

Aliyoyaeleza baadaye ni maelezo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuyasoma vitabuni. "Sista, hakikai tumboni. Kinakaa hapa," akaweka ngumi katikati ya kifua, chini kidogo ya matiti. "Kwanza pua inatoka kamasi. Halafu kwikwi moja. Nikiongeza tonge baada ya hiyo kwikwi, najuta." Majuto yenyewe yalikuwa maumivu mazito ya kubana, mate mengi mazito yanayoteleza kama ute wa bamia, kisha chakula kurudi kama kilivyoingia, bila uchungu wa nyongo wala asidi.

Kuhusu hilo wifi alimwelewa mara moja, kwa sababu naye aliyapitia. Akampa somo alilolipata mwenyewe kwa taabu: ukibanwa kifuani ndiyo umeshiba, acha kula, tembeatembea, kitashuka. Kwa wakati ule lilikuwa somo sahihi. Kamasi, kwikwi, kupiga chafya au kushusha pumzi ndefu bila kutaka ni ishara za kushiba ambazo watu wengi waliopasuliwa huzitambua, kwa aina zote mbili.

Kufikia wiki ya saba mambo yakaanza kubadilika polepole. Ugali ukawa haupiti kabisa. Akahamia wali laini, wiki ile ile wali nao ukagoma. Akahamia samaki wa kuchemsha aliyepondwa, siku chache akapita, kisha naye akagoma. Kila alipomweleza wifi, jibu lilikuwa lilelile: hata mimi nilikuwa natapika, vumilia, ndiyo kupungua kwenyewe. Mizani ikamsaidia wifi kubishana, kwa maana kilo zilikuwa zinashuka vizuri sana.

Wiki ya tisa ikafika maji. Akinywa funda mbili zinakaa palepale kwenye ngumi, zinarudi. Karibu wiki mbili alikuwa akitapika kila siku. Kituo kimoja kilimtundikia dripu ya glukosi na kumruhusu. Siku iliyofuata akaletwa kwetu, midomo imekauka, mkojo mweusi kama chai ya rangi, miguu inamfa ganzi.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Swali la kwanza halikuwa anatapika mara ngapi. Lilikuwa: ukianza kula, inachukua muda gani? Akasema papo hapo, funda la pili tu. La pili: wiki tatu zilizopita ulikuwa unaweza kula nini ambacho sasa huwezi? Hapo akatuhesabia kwa vidole, ugali, wali, samaki, maji. Orodha hiyo, kutoka kigumu kwenda laini kwenda majimaji, ilitosha kumfanya daktari wa zamu ashuku kwamba tundu la maungio limebana. Kubana huko hutokea mara nyingi katika miezi mitatu ya kwanza baada ya baipasi. Mtu anayekula haraka au kumeza bila kutafuna hukwama leo na ugali, kesho akila taratibu unapita. Tundu linalobana halirudi nyuma.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa dawa. Kabla ya dripu yoyote yenye sukari alichomwa thiamini, yaani vitamini B1. Akiba ya vitamini hii mwilini ni ndogo na huisha ndani ya wiki chache za kutapika. Mwili unaitumia kuchoma sukari. Ukimmiminia glukosi mtu aliyeishiwa vitamini hiyo, unaweza kumsukuma kwenye ugonjwa wa ubongo unaoanza na macho kuchezacheza, kuyumba na kuchanganyikiwa, na wengine hawarudi walivyokuwa. Bi S. hakuwa na dalili za ubongo, ila ganzi ya miguu ilitosha kutotuacha tusubiri. Maji aliyopewa yalikuwa ya chumvi, na potasiamu ikaongezwa baada ya kipimo kuonyesha iko chini.

Tatu, tulikimwaga kikapu chake cha dawa. Mle ndani kulikuwa na diklofenaki aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, anameza kila jioni. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, hazifai kwa mtu wa baipasi. Mahali kijifuko kinapoungana na utumbo ni dhaifu kwa vidonda, na kidonda kikipona kwa kovu, kovu hulivuta tundu. Hakuna aliyemwambia. Au pengine liliandikwa kwenye karatasi ya kabatini.

Nne, rufaa. Kilichohitajika ni endoskopi, yaani kamera inayoshushwa kupitia kooni, na daktari anayeweza kupanua tundu kwa kiputo kupitia kamera hiyohiyo. Kulikuwa na hoja ya kumsafirisha kwa basi kwa kuwa ndugu walikuwa wameishiwa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na mtu asiyeweza kunywa maji hasafiri hivyo. Alilazwa kwanza mpaka mkojo ukarudi rangi, ndipo akapelekwa.

Barua ya rufaa iliandika aina ya upasuaji kwenye mstari wa kwanza, si kwenye historia chini. Nalisema hili kwa sababu nimeona barua nyingi zinazoanza na "mgonjwa wa kisukari na presha", na msomaji anafika aya ya tatu ndipo anakuta kwamba njia yote ya chakula imebadilishwa.

Matokeo ya awamu ya kwanza

Kamera ilikuta tundu limebaki milimita nne hivi, na kidonda kidogo pembeni. Lilipanuliwa hadi milimita 12, likarudiwa wiki mbili baadaye hadi 15. Hufanywa kwa hatua kwa sababu ukilazimisha siku moja unaweza kuchana. Akapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kapsuli ikifunguliwa na unga kumezwa, na akapigwa marufuku diklofenaki. Magoti yakahamia kwenye parasetamo.

Jioni ya siku ya upanuzi wa pili alikula yai la kuchemsha, robo kwa robo, likapita. Alinipigia simu kunieleza hilo yai kwa dakika kadhaa.

Jiko

Hapo ndipo kazi yangu hasa, ya kupanga mlo, ilipoanza. Mashauri ya kawaida yanasema: tafuna mara ishirini au zaidi, kula kidogo, usinywe maji wakati wa kula wala nusu saa baada yake, anza na protini, angalau gramu 60 kwa siku. Yote ni kweli, na karibu yote yanagongana na sinia la Mtwara.

Ugali hautafunwi. Mtu wa hapa anavingirisha tonge, anachovya, anameza. Kumwambia atafune ugali wa muhogo mara ishirini ni kumwambia ale kitu kingine, maana ukiutafuna unazidi kunata. Tukakubaliana ugali usubiri miezi sita, na ukirudi uwe wa mahindi, laini, kiasi cha kidole gumba. Pweza alisubiri zaidi. Ming'oko haikurudi kabisa kwa sababu ya nyuzi zake. Badala yake tulijenga mlo kwa vitu vya soko la kawaida: kibua au changu wa kuchemsha, mayai, kunde na choroko zilizopondwa na kuchujwa maganda, mtindi usio na sukari, mbaazi bila tui zito. Ile karatasi ya Kihindi ikatoka kabatini, tukaitafsiri kwa jiko. Haikuwa mbaya hata kidogo, ilikuwa tu haijapata msomaji.

Kula sinia moja kulimshinda. Wenzake wakila kwa kasi yao mkono wake unafuata bila yeye kujua, na kwikwi inamkuta ameshapitiliza. Akaomba sahani yake. Mama mkwe aliona ni maringo, mpaka shemeji mmoja alipomwona amebanwa mezani siku ya harusi, uso umekuwa wa majivu. Tangu siku hiyo sahani ndogo inatengwa kabla hajafika.

Njaa hakuwa nayo. Alisema anakumbuka kula kwa adhana: Adhuhuri kidogo, Alasiri kidogo, Magharibi kidogo. Tuliuacha utaratibu huo kama ulivyo.

Ramadhani ya pili

Ramadhani ya kwanza hakufunga, kwa ushauri wa daktari na wa sheikh wake. Ya pili, mwaka mmoja na nusu hivi tangu upasuaji, alikuwa na kilo 76, hatumii tena dawa za kisukari, akataka kufunga. Daktari hakukataa, alimtaka afuatiliwe.

Wiki ya kwanza akaanguka msikitini. Alikuwa kwenye tarawehe, akaanza kutetemeka, akili ikamtoka, maneno yakawa hayamfikii, jasho la baridi. Waliokuwa naye wakamsomea. Mwanawe, aliyekuwa nje, alikumbuka glukomita ya zamani ya mama, akaenda mbio nyumbani akaileta. Sukari ilikuwa 2.7 mmol/L, chini mno. Akapewa maji ya sukari vijiko vichache, ndani ya dakika kumi akawa anawauliza kwa nini wanamkodolea macho.

Aliyeona kwanza uhusiano ni Bi S. mwenyewe. "Si ile ya uji," aliniambia. "Ile ilikuwa robo saa, na tumbo linanguruma. Hii tumbo liko kimya." Alifuturu saa kumi na mbili na nusu jioni kwa tende tano, uji wa sukari na tambi. Alianguka saa mbili na dakika kama ishirini. Karibu saa mbili kamili baadaye.

Ni kweli si ile, ingawa chanzo ni kimoja, yaani sukari kufika utumbo mwembamba kwa mkupuo. Ya dakika kumi hadi thelathini hutokea kwa sababu sukari nzito huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia utumboni. Utumbo unatanuka, damu inapungua mishipani, moyo unakimbia kufidia. Ya saa moja hadi tatu ni ya kongosho: sukari imeingia kwenye damu kwa kasi, homoni za utumbo zimepiga kelele, insulini imemwagwa kupita kiasi, na sukari inashuka chini ya ilipoanzia. Madaktari huziita dampingi ya mapema na ya kuchelewa. Ya kuchelewa aghalabu hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya baipasi, wakati mtu ameshajiona amepona na amerudi kula kama watu.

Tulihakikisha kwanza kwamba hakuna aliyemrudishia glibenklamidi. Hakuna. Kisha futari ikabadilishwa. Sheikh alimkumbusha kwamba kufuturu kwa maji nako kumo kwenye sunna kwa asiyepata tende, na mwenye dhara haombwi zaidi. Akawa anafuturu kwa maji, anaswali Magharibi, ndipo anakula samaki au mayai na kunde. Tende moja huja mwisho, ikija. Uji ukawa wa mtama usio na sukari, mzito, kikombe kimoja kidogo. Alimaliza mwezi bila kuanguka. Siku mbili alifungulia njiani kwa sababu ya kiu, akazilipa baadaye.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuuliza muda, mahali na mwelekeo. Muda: papo hapo, robo saa, au saa mbili. Mahali: kifuani, kitovuni, au mwili mzima. Mwelekeo: leo ni afadhali kuliko wiki iliyopita, au ni mbaya zaidi. Maswali haya hayahitaji mashine, na kwa mkoa ambao endoskopi ya upanuzi iko safari ya siku nzima, ndiyo yanayoamua nani asubiri na nani asafiri. Glukomita aliyoileta mwanawe nayo ilifanya kazi kwa sababu ilitumika dalili zikiwa bado zipo. Kipimo kilekile wiki ya tatu kilikuja dalili zimekwisha, kikawa sawa na kutopima.

Kilichoharibika zaidi ni ushauri mwema kutoka mwili mwingine. Wifi hakukosea kuhusu mwili wake. Mlango wa chini wa tumbo lake bado upo, uji wake ulishuka kwa kipimo. Mtu wa slivu naye anaweza kupata dampingi, ila si mara nyingi hivyo wala si kwa ukali huo. Kutapika kwake kwa miezi ya mwanzo kulikuwa kwa kula haraka, kukapungua kila wiki. Alipomwambia Bi S. avumilie, alikuwa anasoma ramani sahihi ya nyumba nyingine.

Wangekuwa watatu, wanne, mkanganyiko ungezidi. Mtu aliyewekewa bendi, yaani pete ya silikoni inayokaza sehemu ya juu ya tumbo, hukwama juu zaidi, karibu na koo, mara nyingi asubuhi kuliko jioni, na mate mazito humjaa mdomoni. Huyo hapati dampingi, maana njia yake haikubadilishwa; akianza kukohoa usiku na kiungulia kipya, pete huenda imeteleza. Mwenye puto, linalojazwa ndani ya tumbo bila kupasua na linalowekwa pia hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, hana kovu hata moja. Siku za mwanzo ni kichefuchefu na kutapika, kisha uzito wa chakula kisichotaka kuondoka, na mwisho puto hutolewa na njaa ikarudi. Wote wanne watakuambia "nimebanwa". Kwa mmoja ni kushiba, kwa mwingine ni rufaa.

Kutapika hakupaswi kuhesabiwa kuwa njia ya kupungua. Mizani ilimdanganya kila mtu katika kisa hiki, hata mhudumu aliyempongeza kwa kilo nane za mwezi mmoja. Kwangu mimi, mtu yeyote aliyepasuliwa tumbo anayetapika kila siku kwa zaidi ya siku tatu, au ambaye maji hayapiti hata siku moja, aonwe siku hiyohiyo, na thiamini itangulie sukari.

Kuna maumivu mengine ambayo Bi S. hakuyapata lakini alifundishwa kuyatambua: maumivu makali ya kusokota baada ya kula, yanayokuja na kuondoka, kitovuni au kushoto, bila kukwama kifuani, hata miaka baadaye. Kwa mtu wa baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi iliyoachwa ndani na kujinyonga. Hiyo si ya kutembeatembea wala chai ya tangawizi. Ni ya chumba cha upasuaji.

Sasa anatembea na kadi mbili kwenye pochi. Moja ina Kiswahili kwa ndugu: *Nimefanyiwa baipasi. Nikitetemeka saa moja hadi tatu baada ya kula, nipimeni sukari, ikiwa chini nipeni sukari kidogo kisha chakula chenye protini. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni.* Nyingine ni ya Kiingereza kwa daktari, yenye tarehe ya upasuaji na vitamini anazomeza kila siku maisha yake yote: B12, chuma, kalisi na vitamini D.

Wifi alikuja naye kliniki mara ya mwisho, kumsindikiza tu. Katika mazungumzo ikajitokeza kwamba tangu mwaka jana analala amekaa, na kwamba kilo kama kumi zimerudi kwa korosho, bagia na chai ya maziwa, vitu ambavyo havimbani kabisa kwa sababu vinalainika na kuteleza. Kiungulia alikizoea, akadhani ndiyo kawaida ya waliokatwa. Tulimuuliza kinaanza lini baada ya kula. Akafikiri, akasema hakijawahi kusubiri ale. Ameandikiwa omeprazoli na barua ya endoskopi, na barua hiyo nayo imeanza na neno slivu.